Mchuzi Usioliwa

Budapest, 14 Oktoba 1962

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unasemaje na baridi hii iliyoanza? Mimi mzima, nakula, nalala, na lile koti uliloligeuza upande wa ndani ukaufanya wa nje limewafanya wenzangu wa duka la dawa waniulize nimelinunua wapi. Basi afya tumeimaliza, tuingie kwenye habari.

Wazazi wa Endre wanakuja kwako. Baba yake ametumwa na wizara kukagua kiwanda cha vitunguu hapo Makó, Jumatatu tarehe 12 Novemba, na mama yake amesema watangulie Jumapili wale chakula cha mchana na mama wa mchumba. Mimi nina zamu siku zote mbili, nimeomba kubadilishiwa nimekataliwa. Endre mwenyewe yuko kwenye ujenzi wa daraja lao mpaka mwisho wa Novemba. Utawapokea peke yako.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Endre hajui. Miaka miwili tuko pamoja na sijamwambia kwamba sisi ni Wayahudi. Anajua baba alikufa vitani, akaishia hapo, maana nani hakufiwa. Mwanzoni niliona hakuna haja. Halafu kila mwezi uliopita jambo likazidi uzito, na sasa sijui nilishike wapi. Kwao mambo ya dini na ukoo hayatajwi kabisa. Baba yake ni mtu wa Chama tangu zamani, husema historia ya nchi hii ilianza mwaka 1945, na hawana hata shangazi mmoja wa kumtembelea sikukuu. Watu wakavu. Na mimi nakumbuka shule ya bweni, siku nilipomwambia rafiki yangu nikidhani ni rafiki. Sitaki tena kumwona mtu ninayempenda akinitazama upya.

Kwa hiyo nakuomba, siku ile moja tu: kikasha cha maandiko kwenye mwimo wa mlango kitoe. Vinara vya Ijumaa viweke kabatini. Picha ya babu mwenye ndevu nayo. Usioke ile keki yetu ya matabaka, ya mbegu za popi na jozi na tofaa, maana ukiiona tu umeshajua uko kwa nani. Na upike nyama ya nguruwe. Mchuzi wa pilipili nyekundu, kama watu wote.

Najua ninachokuomba.

Mwanao,
Lívia


Makó, 19 Oktoba 1962

Lívia mwanangu,

Marahaba. Mguu upo, unaniambia hali ya hewa kabla ya redio. Hapa tunashukuru. Ushirika wetu wa washonaji umepewa kazi ya aproni elfu tatu, na mkuu wetu bado anajifanya haoni kwamba Jumamosi sipo na Jumapili nipo peke yangu nashona na ufunguo ninao mimi. Jirani yetu Rozál ananishikia zamu, mimi namshikia yake akienda kanisani. Ujamaa ndio huo, wengine wanaugombania mikutanoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilijiona mimi na nguruwe. Mara ya pili sikucheka.

Tangu turudi kutoka kambini Austria, wewe una miaka saba na chawa kichwani, jikoni mwangu haijaingia nyama ya mnyama huyo. Wakati ule hatukuwa na sufuria, nikaanza na moja, na hiyo moja nikaiweka safi kwa sheria. Watu walisema, Ilka, umerudi kutoka kule na bado unamtunzia Mungu vyombo? Nikawaambia simtunzii yeye, najitunzia mimi. Lakini hili halinisumbui sana. Rozál atapika kwake, kwa sufuria yake, atuletee na sahani zake. Nimemweleza. Amesema kwa miaka kumi na saba amenionea huruma kwa ajili ya soseji, na sasa nampa kazi ya kuipika nyama hiyo halafu nimwambie siili.

Kinachoniuma ni kingine, na nitakisema. Hukuniomba nguruwe. Umeniomba nisiwe mimi. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, nami sikukulea utumwani. Ila wewe ni mtoto wangu mmoja, na ukinililia, hata mlango nitaung'oa, sembuse kikasha. Nitafanya. Mara moja.

Kuhusu keki siahidi kitu.

Mama yako


Budapest, 24 Oktoba 1962

Mama,

Shikamoo. Nimelia kwenye tramu, kondakta akanisamehe nauli. Asante. Asante sana.

Mambo madogo tu: baba yake Endre usimwite Bwana, mwite Ndugu Somlai. Mama yake anaitwa Piroska, hasemi sana. Usiulize habari za ndugu zao. Na tafadhali usimwambie mtu wa wizara kuhusu Jumamosi na ufunguo.

Keki, Mama, tafadhali.

Mwanao,
Lívia


Makó, 12 Novemba 1962

Lívia mwanangu,

Marahaba kabla hujanisalimu. Mimi mzima, nyumba nzima, wakwe zako wazima wameondoka asubuhi hii kwenda kwenye vitunguu vyao. Najua umekaa unatafuna kucha, basi nakueleza kwa utaratibu.

Walifika saa sita juu ya alama, kwa gari la wizara. Mtaa mzima ulipata kazi ya kufagia mbele ya nyumba. Ndugu Somlai ni mrefu, mwembamba, anavua kofia mlangoni halafu hajui aiweke wapi. Mkewe mdogo mdogo, ana macho ya mtu anayehesabu milango. Nilimwambia karibu Ndugu Somlai, akasema asante Ndugu Gárdos, tukawa ndugu wote watatu tumekaa kwenye makochi hatuna la kusema. Tukasifu vitunguu. Nadhani robo saa tulisifu vitunguu.

Rozál akaleta sufuria yake. Harufu, siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Nikapakua, nikawajazia, mgeni ni mgeni. Hapo ndipo maajabu yalipoanza. Ndugu Somlai akaniuliza kwa upole kama kuna mkate. Alikula mkate. Alikula kachumbari ya matango. Alikula tena mkate, akauchovya kwenye maji. Mkewe akasema daktari amemkataza mafuta kwa sababu ya nyongo. Yeye akasema ana vidonda vya tumbo. Mimi nikasema meno. Tukahurumiana sana, watu watatu wagonjwa mezani, na sufuria katikati inatoa moshi. Niliwabembeleza, kwa sababu ni adabu: kidogo tu, Ndugu Piroska. Akakata kipande, akakisukuma kulia, akakisukuma kushoto, akakifunika na kiazi. Mwanangu, hata wewe ukiwa na miaka minne ulikuwa mjanja zaidi na mchicha.

Mwisho nikaona aibu, wageni wanaondoka na njaa. Nikaenda chumbani nikaitoa keki. Ndiyo, niliioka. Niliiweka juu ya kabati nimeifunika, nikijiambia ni ya kwangu mwenyewe ya baadaye. Piroska alikula vipande vitatu na nyongo yake. Ndugu Somlai alikula viwili, halafu akaitazama sahani mpaka mkewe akamgusa mkono.

Baadaye yeye akalala kwenye kochi na gazeti usoni, sisi wanawake tukaosha vikombe vya kahawa. Tulikaa jikoni muda mrefu. Ni mtu mzuri, Lívia. Si mkavu. Amenishika mikono wakati wa kuaga na kusema atafurahi tukiwa watu wa nyumba moja. Nami nikamjibu hivyo hivyo, na nilimaanisha.

Basi umefaulu. Kikasha nimekirudisha mlangoni leo asubuhi. Mchuzi ameula mume wa Rozál siku mbili mfululizo, ananiombea dua.

Mama yako


Budapest, 20 Novemba 1962

Mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo mbili. Natumai mguu umetulia, miguu yangu mimi haikanyagi chini. Endre amepigiwa simu na mama yake akaambiwa wewe ni mwanamke wa maana. Wa maana, Mama. Endre anasema maishani mwake hajasikia mama yake akimsifu mtu kwa zaidi ya neno moja.

Tumepanga harusi Februari, kwenye ofisi ya halmashauri ya wilaya, kisha chakula kwao. Utakuja na treni ya asubuhi, nitakupokea. Nimeshakuchagulia kitambaa cha gauni, cha kijivu.

Na nimefikiri hivi: kwa kuwa mambo yamekwenda vizuri namna hii, hakuna haja ya kumwambia Endre sasa. Labda baadaye, tukishazoeana. Au isiwepo haja kabisa. Wewe ukija huku unakuwa tu mama yangu kutoka Makó, na sisi tukija huko, tunakuja siku ambazo si Ijumaa. Ni jambo dogo la kupanga tarehe. Mama yake anaomba namna ya kuoka ile keki, uone ulivyonusurika.

Mwanao mwenye furaha,
Lívia


Makó, 26 Novemba 1962

Lívia,

Marahaba. Mimi mzima na natumai nawe u mzima, kwa sababu ninayokuambia yanataka mtu mzima.

Nilikubali mara moja. Mara moja niliandika, nenda kasome. Kujificha kwa mlo mmoja ni mzaha, nimeufanya, nimecheka. Kujificha harusini kwa binti yangu, halafu kwa mjukuu, halafu kwenye kitanda changu cha kufa msije mkasikia ninasema maneno gani, huo si mzaha. Wakati ule wengine ndio waliotuamulia tuwe nani. Leo hakuna anayekulazimisha. Hakuna sheria, hakuna askari. Unajilazimisha mwenyewe, tena kwa kupanga tarehe.

Mficha uchi hazai. Unaanza nyumba na mwanamume, utamficha nini, na kwa miaka mingapi? Atakuuliza mbona hatumzuru mama siku za Ijumaa. Utasema mama ana mguu. Mguu wangu hauwezi kubeba yote hayo.

Mwambie. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, ana kwa ana. Akikuacha, njoo nyumbani, kitanda chako kipo na ushirika unatafuta mshonaji. Asipokuacha, nitakuja nikicheza. Lakini usipomwambia, Lívia, mimi harusini siji. Kitambaa cha kijivu mshonee mwingine. Sitakaa mezani kwa mkwe wangu nikijifanya mtu mwingine.

Najua nakuumiza. Nimekaa siku nne kabla ya kuandika.

Mama yako


Makó, 28 Desemba 1962

Lívia mwanangu,

Hujambo? Mwezi mzima hakuna barua. Nakutumia mafuta ya bata bukini kwenye kopo, limefungwa na gazeti, na soksi. Usile mafuta yote na mkate, kifua kikibana jipake kidogo. Hapa theluji imefika madirishani, mume wa Rozál amenichimbia njia ya kwenda kwenye kuni.

Nimefikiri usiku na mchana kama nilikuwa mkali mno. Nilikuwa mkali. Neno langu silirudishi.

Niandikie hata kama ni matusi.

Mama yako


Budapest, 9 Januari 1963

Mama,

Shikamoo. Mafuta yamefika, soksi nimezivaa. Sijambo. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika mpaka nifanye ulichosema au nikatae kukifanya, na kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kingine.

Nimemwambia Ijumaa iliyopita. Tulikuwa tunangoja tramu, Mto Danube umeganda, na yeye anaongea kuhusu tairi za lori la kazini kwao. Nikamkata katikati. Nikamwambia: Endre, mimi ni Myahudi, mama yangu ni Myahudi, baba yangu hakufa vitani kama askari, alipelekwa na kikosi cha kazi cha Wayahudi bila bunduki na akafia kwenye theluji ya Ukraine, na mama yangu anawasha mishumaa Ijumaa, yaani leo, sasa hivi, anawasha. Nilisema yote bila kupumua. Watu wa kituoni walisikia. Mwanamke mmoja alihamisha kikapu chake, sijui kwa sababu hiyo au kwa sababu tramu ilikuwa inakuja.

Endre alinitazama. Akasema, "Lazima niende nyumbani." Akapanda ile tramu, akaniacha.

Mama, siku tatu. Jumamosi hakuja. Jumapili hakuja. Nilihesabu dawa dukani nikakosea, ikabidi nihesabu tena. Niliandaa sanduku. Niliandika barua ya kukuambia nakuja, stempu nikaibandika. Nilikuwa nakuchukia kidogo, nakwambia ukweli. Lakini kuna kitu cha ajabu: jambo lenyewe sikulijutia. Nililala vizuri usiku wa kwanza. Nililia, halafu nikalala kama mtoto.

Jumatatu jioni mlango ukagongwa. Endre, na baba yake, na mama yake nyuma ana sufuria imefungwa na taulo.

Kumbe aliponiacha alikwenda moja kwa moja kwao. Aliwasimamisha wazazi sebuleni na kuwaambia: Lívia ni Myahudi, nitamuoa, na kama kazi ya baba itaathirika, basi iathirike. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Baba yake akakaa chini. Mama yake akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, halafu akamwambia: mwanangu, na wewe pia. Somlai ni jina la baada ya vita. Zamani walikuwa Schön. Shangazi hawapo kwa sababu hakuna aliyerudi. Waliapa wenyewe kwa wenyewe kwamba mtoto hatabebeshwa mzigo huo, na miaka ikapita, nao kama mimi wakakosa pa kulishikia. Endre alihitaji siku mbili kukaa na habari hiyo kabla ya kuja kwangu. Anasema alitembea madaraja yote, moja baada ya jingine, mpaka yalipoisha.

Tulikula wote wanne chumbani kwangu, wawili kitandani. Ndani ya sufuria mlikuwa na maharage ya Sabato, ya Jumamosi, yaliyopikwa usiku kucha, na siku hiyo ni Jumatatu, lakini nani atalalamika. Nikamwambia Ndugu Somlai kwamba tukitaka kuoana kwa rabi, huko kwetu Makó, ambako hakuna anayemjua yeye isipokuwa vitunguu, mkataba wa ndoa utahitaji jina la Endre la Kiebrania na jina la baba yake. Endre akamgeukia baba: mimi naitwa nani? Ndugu Somlai aliweka kijiko chini. Kisha akasema, "Wewe ni Menahem, jina la babu yako. Mwana wa Yakov." Akalirudia lake peke yake, polepole, Yakov, kama mtu anayejaribu koti la zamani kuona kama bado linamtosha.

Nina furaha, Mama. Nina furaha kuliko nilivyowahi kuwa.

Lakini halafu Piroska akasema, huku anasuuza sahani: "Mama yako na mimi tulijuana tangu Jumapili ile jikoni." Akanieleza. Alichukua kitambaa chenye mstari mwekundu kukaushia vikombe vya kahawa ya maziwa, mkono ukasimama hewani wenyewe, akakirudisha, akachukua chenye mstari wa buluu. Mwekundu wa vyombo vya nyama, buluu wa vya maziwa, maana sheria yetu haivichanganyi, kama kwao utotoni. Hakuuliza. Na wewe ulikuwa unamtazama. Na mkakaa mkashikana mikono mkalia, na ukaniandikia mimi kwamba mliosha vikombe.

Ulijua, Mama. Tangu Novemba ulijua kwamba hakuna hatari yoyote. Ukaniacha nikatetemeka wiki sita. Ukaniacha siku tatu hizo. Nataka kujua kwa nini, na usinifanyie mzaha.

Mwanao,
Lívia


Makó, 14 Januari 1963

Lívia mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Barua yako imefika saa nne, nimeifunga cherehani nikarudi nyumbani, nikamwambia mkuu wa ushirika mguu unauma, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nadanganya.

Sitakufanyia mzaha. Piroska aliniomba nisimwambie mtu, nami nilimwahidi. Ningeweza kujificha nyuma ya ahadi hiyo, na ni ya kweli. Lakini wewe ni mwanangu, ahadi ya jikoni isingenifunga mdomo kwako. Usiku ule wageni walipokwenda kulala hotelini nilishakaa mezani na kalamu. Nilishaandika: Livi, huwezi kuamini. Nikaichana.

Ningekuambia, ungemwambia Endre kesho yake asubuhi, huku unacheka. Mngecheka wote. Ingekuwa hadithi ya kuchekesha ya mchuzi, na mimi ningekaribishwa harusini kwa sababu imetokea kwamba hakuna wa kutuchukia. Na ndani yako ungebaki unajua kwamba ulinificha mpaka siku ilipokuwa haina gharama. Ungejua hilo ukiwa na miaka hamsini. Mimi ningelijua pia.

Baba yako, siku walipokuja kuorodhesha Wayahudi, angeweza kusema mengine. Alikuwa na rafiki kwenye ofisi ile, karatasi ilikuwa tayari, jina safi. Sikuwahi kukuambia. Alisema sitaki Livi anitafute chini ya jina la mtu. Mimi nilimgombeza, nilimwita mpumbavu, na mpaka leo kuna siku namgombeza.

Kwa hiyo sikutaka unitaje mbele ya mtu ambaye hawezi kuondoka. Nilitaka unitaje mbele ya mtu anayeweza. Sikujua kama utaweza. Hata kama Endre atabaki sikujua, kwa sababu wazazi kuwa ni watu wetu si dawa, mtoto aliyelelewa gizani anaweza kukimbia mwanga wowote. Wiki sita na mimi sikulala, nakwambia, ingawa hilo halikufuti machozi yako. Kwa siku zile tatu niombe radhi? Nakuomba radhi. Nisamehe, mwanangu. Lakini nikirudishwa Novemba, nitaichana barua ile tena.

Ulisimama kituoni, ukasema mama yangu anawasha mishumaa sasa hivi, na watu wakasikia. Hilo hakuna aliyekupa. Rozál nimemsomea mstari huo, amelia, halafu ameuliza kama tena atapikishwa.

Mzee rabi anasema Jumapili ya tatu ya Machi inafaa kwa ndoa ya huku kwetu. Njooni na Yakov na Piroska tangu Ijumaa.

Mama yako,
Ilka Gárdos, binti wa Mordekai